Tani ya Matawi Si Tani ya Magogo

Kila nikisoma mpango wa kuzalisha umeme au joto kwa kuchoma mazao ya misitu, kuna sentensi moja ninayoitafuta kabla ya zote: ni sehemu gani za mti zitakazoondolewa shambani. Mara nyingi haimo. Kuna tani kwa hekta, kuna megawati, kuna idadi ya malori na umbali wa barabara. Biomasi, yaani kila sehemu ya mti inayoweza kuchomwa, imewekwa kwenye jedwali kama kitu kimoja, kana kwamba tani ya magogo na tani ya matawi yenye majani mabichi ni mamoja kwa kuwa mizani imesema hivyo. Kwa tanuri la kuchemshia maji hazitofautiani sana, ukishazikausha. Kwa udongo zinatofautiana kupita kiasi, na ubishi mzima kuhusu kama msitu utaendelea kuzaa baada ya mavuno ya tatu au ya nne umejificha ndani ya tofauti hiyo.

Tuanze na mbao tupu. Ukikausha gogo mpaka maji yote yaishe, takriban nusu ya uzito unaobaki ni kaboni, na karibu nusu yote ya pili ni oksijeni na hidrojeni. Hivyo vyote mti uliviokota hewani na kwenye maji. Unaweza kuvipeleka kiwandani, kuvipigilia misumari au kuvichoma, na udongo ulioukuza mti huo hautadai chochote. Kilichotoka udongoni hasa ni kile kidogo kinachosalia: nitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na vingine vya kiasi kidogo zaidi. Tani moja ya mbao kavu ya msindano huwa na nitrojeni ipatayo kilo 1. Tani moja ya majani yake, yale membamba yaliyochongoka, ina kilo 10 hadi 15. Majani mapana ya miti mingine hupita kilo 20. Vijiti na magome viko katikati.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Mvunaji akikata mti, akaupogoa palepale na kuondoka na shina peke yake, anaondoka na uzito mwingi na virutubisho vichache. Akiuvuta mti mzima hadi kando ya barabara, kilele, matawi na majani, mzigo wake unaongezeka kwa theluthi hivi, zaidi au pungufu kutegemea aina ya mti na umri wake. Lakini nitrojeni na fosforasi anayoondoka nayo inaweza kufika mara mbili au tatu ya ile iliyomo kwenye shina. Ni biashara ambayo wenye mashamba wengi wasingeikubali kama ingeandikwa waziwazi kwenye mkataba: nipe theluthi moja zaidi ya mzigo, nikuachie udongo uliotoa virutubisho maradufu.

Majani yametajirika kwa sababu ndiko kazi inakofanyika. Vimeng'enya vinavyonasa hewa ya ukaa hujengwa kwa nitrojeni nyingi, na nishati haiendi popote ndani ya seli bila fosforasi. Mti hauviachii vitu hivi ovyo. Jani linapokaribia kuanguka, mti hufanya kama mpangaji anayehama: hutoa kwanza vyombo vya thamani, halafu ndiyo huziacha kuta. Sehemu kubwa ya nitrojeni, fosforasi na potasiamu hurudishwa tawini na kutumika kwenye majani mapya. Ndiyo maana jani lililodondoka lenyewe likiwa la manjano ni maskini kuliko lililokatwa likiwa bichi, na ndiyo maana shoka humkuta mpangaji bado na vyombo vyake vyote ndani. Jambo lilelile hutokea shinani. Mbao hai inapogeuka kuwa kiini, mti huvuta virutubisho vinavyohamika na kuviweka kwingine. Gogo nene la mti mzee, lenye kiini kikubwa, ndilo zao linaloudhi udongo kidogo kuliko yote kwa kila tani. Fito za miti michanga, zenye gome jingi ukilinganisha na mbao, ndizo zinazouumiza.

Kalsiamu ina ukaidi wake. Ikishawekwa mahali haihami tena. Hulundikana kwenye majani yaliyozeeka na hasa kwenye gome. Gome la mkaratusi ni sehemu ndogo ya uzito wa shina, lakini limebeba sehemu kubwa ya kalsiamu ya shina hilo. Kuyamenya magogo shambani, badala ya kuyapeleka na magome yake hadi kiwandani, ni miongoni mwa hatua rahisi kabisa za kulinda udongo, nami hushangaa jinsi inavyotajwa kwa nadra kwenye mazungumzo yanayojaa maneno makubwa kuhusu uendelevu.

Halafu kuna suala la mzunguko. Nchini Brazili mashamba ya mikaratusi huvunwa baada ya miaka 6 au 7 tu. Chukua kipindi cha miaka 70: msitu wa kaskazini ya dunia unaokatwa mara moja kwa muda huo unatoa mavuno 1, na shamba la mikaratusi linatoa mavuno 10, kila moja likiwa la miti michanga, kila moja likifuatiwa na muda ambao ardhi imekaa wazi. Tofauti ya tani ni kubwa. Ya virutubisho ni kubwa kuliko ya tani.

Wasiwasi huu una umri mrefu kuliko umeme wenyewe. Kwa karne kadhaa wakulima wa Ulaya ya Kati walikusanya majani makavu ya msituni kwa reki, wakayatandika zizini ili mifugo ilalie, kisha samadi ikapelekwa mashambani. Miti yenyewe hawakuigusa. Walichukua tu kile kilichoonekana kuwa uchafu wa sakafuni. Mwaka 1876 Ernst Ebermayer, mwanasayansi wa Bavaria, alichapisha vipimo vyake vya majani hayo na madini yaliyomo, akaonyesha jinsi msitu unavyofilisishwa polepole ili shamba la mazao linenepe. Misitu iliyorekiwa vizazi kwa vizazi ilibaki na udongo wenye uchachu na miti iliyodumaa, na athari zilionekana muda mrefu baada ya reki kuwekwa chini. Mfano huu huutaja kila ninapomsikia mtu akisema kuwa kukata miti ndiyo dhambi na kuokota matawi ni usafi. Kwa upande wa virutubisho, inaweza kuwa kinyume kabisa.

Mwaka 1955 mtafiti P. J. Rennie alipiga hesabu ya madini yanayoondoka na mbao, akaonya kwamba udongo maskini, hasa kwa upande wa kalsiamu, hautastahimili mavuno yanayorudiwarudiwa. Onyo lake lilibishaniwa. Miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopaa na mashine zinazomeza mti mzima zikaingia msituni, ubishi ukawa wa dharura.

Upande wa mapato nao una habari zake. Nitrojeni huingia kwa mvua, kwa vumbi, na kwa bakteria wanaoikamata kutoka hewani, hasa wale wanaoishi kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya mikunde. Kwenye hewa safi mvua huleta kilo chache tu kwa hekta kwa mwaka. Karibu na viwanda na ufugaji mkubwa huweza kuzidi kilo 10. Fosforasi haina njia ya hewani inayofaa kutegemewa. Hutoka kwenye miamba inayomeng'enyuka, pamoja na vumbi kidogo, na mara nyingi kiasi chake hakifiki kilo 1 kwa hekta kwa mwaka. Kalsiamu, potasiamu na magnesiamu hutegemea mwamba ulio chini. Udongo wa volkano usio wa kale, au ulio juu ya chokaa, unaweza kulipa madeni makubwa bila kulalamika. Kichanga cha kale, kilichooshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, hakina cha kulipia. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kuvuna biomasi kunaharibu udongo, namrudishia swali: udongo upi?

Sasa ukweli usiowafurahisha watu wa msimamo wangu.

Kuanzia mwaka 1990, watafiti wa Marekani na Kanada walianza jaribio kubwa kuliko mengine yote ya aina hii. Robert Powers alikuwa miongoni mwa waasisi wake, na kiwanja cha kwanza kiliwekwa Louisiana. Walipanga ngazi tatu za uondoaji: shina pekee, mti mzima, na mti mzima pamoja na zulia lote la majani yaliyooza juu ya udongo. Wakaongeza ngazi tatu za kushindilia udongo: bila kushindilia, kiasi, na sana. Kila mchanganyiko ukapewa kiwanja chake, katika sehemu nyingi zenye udongo na hali ya hewa tofauti. Baada ya miaka 10, matokeo ya sehemu 26 yalichapishwa mwaka 2005. Pale zulia la sakafuni lilipoondolewa lote, kaboni ya udongo wa juu ilipungua na nitrojeni inayopatikana kwa mimea ikashuka. Lakini miti? Kwa wastani haikujali. Iliyopandwa kwenye udongo uliovuliwa kila kitu ilikua sawa na iliyopandwa katikati ya matawi yanayooza.

Tangu hapo kila upande umechagua nusu yake ya matokeo. Wauzaji wa nishati ya kuni hunukuu miti, watetezi wa udongo hunukuu kaboni. Mimi nadhani pande zote mbili zinasoma haraka mno. Wastani wa sehemu 26 ni wastani. Kwenye pwani ya Ghuba ya Mexico, ambako udongo una fosforasi haba, misindano iliyopandwa baada ya kuondoa mti mzima ilikua vibaya waziwazi. Na miaka 10 kwa mti ni utoto.

Utoto huo una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Msitu ukikatwa, jua hupiga ardhi, joto na unyevu hupanda, na vijidudu huchangamkia mabaki ya zamani. Virutubisho hufumuka kwa wingi wakati ambapo hakuna mti mkubwa wa kuvitumia. Miche midogo haiwezi kumaliza karamu hiyo hata ikijitahidi. Kwa miaka ya mwanzo inapambana zaidi na magugu na ukame kuliko na njaa. Matawi yenyewe, mengi yakiwa kaboni tupu, huweza hata kukamata nitrojeni kwa muda, kwa kuwa kuvu na bakteria wanaoyaozesha hukosa nitrojeni ndani yake na kuichukua kwenye udongo wa jirani. Anayepima mapema anaweza kuona kiwanja kilichosafishwa kikifanya vizuri zaidi, miche ikipata joto na nafasi. Shida huanza pale vilele vinapokaribia kufungana. Hapo mti unajenga majani yake yote kwa mara ya kwanza, unavuta kutoka udongoni kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake, na ile karamu imekwisha. Kilichooza taratibu tangu mavuno yaliyopita ndicho kinachotakiwa kiwepo, na kama kilipakiwa kwenye lori hakipo.

Majaribio ya nchi za Nordiki yanaonyesha ucheleweshaji huu vizuri, tena kwenye kupunguzia miti tu, bila kukata shamba zima. Katika viwanja vya Finland, Norway na Sweden ambako mabaki ya kupunguzia yaliondolewa, ukuaji wa misindano ulikuwa chini kwa asilimia 4 katika miaka 10 ya kwanza na asilimia 8 katika 10 ya pili. Kwa misprusi, miti ya nchi za baridi iliyo jamaa ya misindano, ilikuwa asilimia 5, kisha 13. Pengo lilikua badala ya kujifunga. Palipowekwa mbolea ya kufidia, pengo halikuonekana, jambo linaloelekeza kidole kwenye virutubisho moja kwa moja. Huko Beddgelert, kaskazini mwa Wales, misprusi ya Sitka iliyopandwa baada ya uvunaji wa mti mzima ilipimwa ikiwa na miaka 23, na ilikuwa nyembamba kuliko majirani zake waliopandwa kati ya matawi yaliyoachwa. Tathmini zilizokusanya majaribio mengi pamoja huweka hasara ya ukuaji kwenye asilimia 3 hadi 7 kwa muda mfupi na wa kati. Namba hizo hazitishi mtu kwa mavuno moja. Tatizo ni kwamba mipango ya nishati haizungumzii mavuno moja.

Kuna mahali ambako udongo ulijibu bila kuchelewa. Mwaka 1995 CIFOR, kituo cha kimataifa cha utafiti wa misitu, kilianzisha mtandao wa majaribio katika mashamba ya miti ya ukanda wa joto, ukiongozwa na Sadanandan Nambiar. Moja ya sehemu zake ilikuwa karibu na Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville, kwenye mchanga wa pwani usio na mfinyanzi wa kutosha kushika chochote. Hapo mikaratusi ilipandwa juu ya viwango tofauti vya mabaki: kote kumesafishwa, shina pekee limeondolewa, mabaki yameongezwa maradufu. Ukuaji ulifuata kiasi cha mabaki kwa utiifu wa kushangaza. Kadiri yalivyokuwa mengi ndivyo miti ilivyokuwa mikubwa. Katika udongo huo karibu akiba yote inayotumika ilikuwa ndani ya mimea yenyewe na majani yanayooza. Udongo ulikuwa mahali pa kusimamia tu. Baadaye watafiti wa eneo hilo walijaribu kuchanganya mikaratusi na mikeshia ya aina ya Acacia mangium, ambayo mizizi yake hukamata nitrojeni ya hewani, na nitrojeni ya udongo ikaanza kupanda. Nitrojeni ina mlango huo wa nyuma. Fosforasi haina.

Kisa cha Mount Gambier, Australia Kusini, ndicho ninachokiona kuwa na mafunzo mengi zaidi. Mwaka 1966 mtafiti A. Keeves alitoa ushahidi kwamba kizazi cha pili cha misindano ya Pinus radiata kilikuwa kikizaa kidogo kuliko cha kwanza kwenye mashamba yaleyale. Taharuki ikaenea duniani: labda misindano yenyewe inaua udongo, labda mashamba ya miti ya aina moja ni ndoto ya kizazi kimoja. Uchunguzi ukaonyesha jambo la kawaida zaidi. Mabaki ya kizazi cha kwanza yalikuwa yakichomwa ili kurahisisha upandaji, na magugu yalikuwa yakinyang'anya miche maji. Nitrojeni huanza kutoroka kama gesi moto unapofika nyuzijoto kama 200 za Selsiasi, joto ambalo rundo la matawi hulipita bila shida. Kinachobaki kwenye majivu, kalsiamu na potasiamu, kinaoshwa na mvua ya kwanza au kupeperushwa na upepo. Walipoacha kuchoma, wakayaacha mabaki yafunike ardhi na kudhibiti magugu, kizazi cha pili kiliweza kukifikia cha kwanza na hata kukipita.

Na Usutu, Eswatini, ambako Julian Evans alianza kufuatilia viwanja vya Pinus patula mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea navyo kizazi baada ya kizazi, hali ilikuwa tulivu kuliko wengi walivyotabiri. Magogo yalikwenda kwenye kiwanda cha rojo la kutengenezea karatasi kwa mizunguko ya miaka kumi na kitu, na kwenye sehemu kubwa ya msitu hakukuwa na dalili ya kushuka. Isipokuwa kwenye sehemu ndogo yenye udongo uliotokana na mwamba wa gabro, wenye upungufu wa fosforasi. Shamba lilelile, mti uleule, msumeno uleule, mwamba tofauti.

Nimekuwa nikizungumza kana kwamba hasara yote hutoka kwa lori. Si kweli, na ushahidi bora ni wa msitu wa utafiti wa Hubbard Brook, New Hampshire, Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1965 watafiti wakiwemo Gene Likens na Herbert Bormann walisimamia jaribio ambalo miti yote ya bonde dogo la hekta zipatazo 16 ilikatwa na kuachwa ilipoangukia. Hakuna gogo lililotoka, hakuna barabara iliyochimbwa. Kisha kwa misimu mitatu ya kiangazi bonde likapuliziwa dawa ya kuua mimea ili chochote kisichipue. Nitrati katika kijito ikapanda zaidi ya mara 40 ya ilivyokuwa kwenye bonde la jirani lenye msitu, na kalsiamu na potasiamu zikafuata njia hiyohiyo. Nitrati huondoka na jirani zake: chaji yake hasi huivuta chaji chanya ya madini mengine hadi mtoni. Kwa hiyo ardhi iliyojaa biomasi yake yote ilipoteza utajiri kwa sababu tu hapakuwa na mizizi hai ya kuudaka. Tangu niliposoma matokeo hayo, huwa nauliza juu ya muda kati ya kukata na kupanda kwa ukali uleule ninaouliza juu ya matawi. Magugu machache ya mwaka wa kwanza, yanayochukiwa sana na wapandaji, yanafanya kazi ya ulinzi bila malipo.

Hubbard Brook pia ilitoa jaribio la upande wa pili. Oktoba 1999 helikopta zilimwaga madini ya kalsiamu na silika juu ya bonde jingine, kurudisha kalsiamu ambayo mvua ya tindikali ilikuwa imeiosha kwa miongo kadhaa. Miti iliyokuwa imedhoofika ilianza kurudisha afya. Upungufu wa kalsiamu, kumbe, unaweza kuwa umekaa msituni muda mrefu ukionekana kama ugonjwa au uzee.

Kuhusu kaboni ya udongo nitapita haraka, ingawa inazungumzwa kuliko yote. Tathmini ya mwaka 2010 ya misitu ya ukanda wa wastani ilikuta kwamba uvunaji hupunguza kaboni ya zulia la sakafuni kwa asilimia 30 kwa wastani, na kwamba udongo wenyewe wa madini, ulio chini ya zulia hilo, kwa ujumla, haukubadilika kiasi cha kupimika. Zulia hilo hurudi, kwa miongo.

Mashine nazo hazipaswi kusahauliwa. Gari la kuvutia magogo hushindilia udongo kwenye njia zake, na nafasi ndogo zinazobeba hewa na maji hupotea. Kwenye mfinyanzi mizizi hukwama. Kwenye kichanga kushindiliwa kidogo kunaweza hata kusaidia, kwa kuwa maji hukaa muda zaidi. Jaribio la Marekani na Kanada lilikuta hivyo, na watu wengi hawaamini hadi waone jedwali. Hapa matawi yana kazi ya tatu: yakitandazwa kwenye njia ya mashine hubeba uzito wake. Anayeyauza matawi yote anauza na godoro la magurudumu.

Rafiki yangu anayesimamia shamba la miti alinipigia alipopata mnunuzi wa mabaki. Hoja yake ilikuwa ya kawaida: matawi yanaoza bure, yanaleta hatari ya moto, yanazuia wapandaji, na sasa mtu anataka kuyalipia. Sikuwa na jibu la ndiyo au hapana. Shamba lake lina bonde lenye udongo mzito na mweusi, na lina mgongo wa kichanga ambako hata nyasi hukua kwa kusitasita. Nilimwambia mgongo usiguswe kabisa, hata kwa bei mara mbili. Bonde linaweza kutoa, kwa masharti.

Sharti la kwanza ni kuyaacha matawi shambani, yametawanyika, mpaka majani yakauke na kupukutika, ndipo yakusanywe. Yakirundikwa, majani yote hudondokea mahali pamoja na kulisha eneo dogo. La pili ni kuacha sehemu isiyokusanywa. Mamlaka ya misitu ya Sweden imependekeza angalau asilimia 20 ya mabaki yabaki, na miongozo ya Finland 30. La tatu ni visiki kubaki ardhini, isipokuwa pale ambapo kuvu wa kuozesha mizizi wamekuwa tishio la kweli. Kung'oa visiki kunageuza udongo juu chini kwa faida ndogo ya kuni zilizojaa mawe. La nne, malipo yapimwe kwa uzito mkavu. Mnunuzi anayelipa kwa uzito mbichi anamtuma mvunaji akimbize matawi barabarani kabla jani halijadondoka. Ukibadilisha namna ya kupima, sharti la kwanza linajisimamia lenyewe.

La tano lilikuwa majivu. Majivu ya kuni yanabeba kalsiamu, potasiamu, magnesiamu na fosforasi iliyotoka msituni, karibu yote isipokuwa nitrojeni iliyopotelea kwenye bomba la moshi. Sweden wanapendekeza yarudishwe pale mabaki yalipochukuliwa, yakiwa yamelowekwa na kugandishwa kwanza, kwa sababu majivu mabichi ya unga huunguza mimea ya ardhini na kuuondolea udongo uchachu wake ghafla. Yanatakiwa pia kupimwa kadimiamu, kwa kuwa metali nzito hujikusanya humo. Kwenye ardhi ya mboji nzito ya kinamasi, yenye nitrojeni tele lakini bila potasiamu na fosforasi ya kutosha, Finland wameona majivu yakikuza miti kwa kasi kubwa. Kwenye udongo wa kawaida wa madini ukuaji hauongezeki sana, kwa sababu nitrojeni ndiyo inayokosekana. Kinachofanyika ni kufunga pengo la kalsiamu na fosforasi kabla halijawa ugonjwa.

Mnunuzi alikubali masharti manne ya kwanza, lile la uzito mkavu baada ya manung'uniko. La majivu alilikataa. Anasema kuni zake zinatoka kwenye mashamba mengi na tanuri huzichanganya, hawezi kujua majivu yapi ni ya nani, na gharama ya kuyarudisha ingekula faida ya mzigo. Rafiki yangu anadai wapime kwa uzito tu: kwa kila tani ya mabaki iliyotoka bondeni, kiasi fulani cha majivu kirudi, yawe ya mti wa nani. Lori lirudi na mzigo badala ya kurudi tupu. Bado wanavutana.